Majani Laini ya Shungi

Tajiri alikufa tumbo limejaa. Hilo ndilo lililonivuruga tangu mwanzo. Mbuzi akifa kwa njaa, unaelewa. Lakini akifa ameshiba, tena ameshiba majani uliyomkatia wewe mwenyewe, unabaki unautazama mkono wako kama mkono wa mtu mwingine.

Nilikuwa na mbuzi watatu. Tajiri tulimpa jina hilo kwa ajili ya kitambi chake. Jambazi ni beberu kijana, na jina lake linajieleza. Na Shungi, mama yao wote wawili, jike mzee mwenye nywele nyeupe zilizosimama juu ya kipaji kama mtu aliyeamka sasa hivi. Banda lao liko nyuma ya jiko, karibu kiasi kwamba nikikohoa asubuhi Shungi ananijibu. Marehemu mume wangu ndiye aliyemleta, akiwa kitoto bado, amemficha ndani ya koti kwa sababu alijua nitagomba. Niligomba. Kisha nikampashia maziwa. Mume wangu alipoondoka tukabaki mimi na Shungi, na mtu akiniambia kwamba yule ni mbuzi tu, ninamwacha aseme mpaka amalize.

Binti yangu ndiye husema hivyo zaidi. Yeye anakaa mjini, ghorofani, na mumewe mwenye bucha. Wamenitengea chumba huko. Kina kitanda kizuri na dirisha linalotazama dirisha la watu wengine. Kila akija lazima turudie yale yale.

"Mama, unakaa peke yako huku kama mlinzi wa ghala."

"Sikai peke yangu."

"Mbuzi hawahesabiki, mama."

"Basi nihesabu mimi mara mbili."

Alikuwa akicheka, lakini hakuacha. Siku Tajiri alipokufa alikuja na mumewe, na kabla hata hajaketi alinitazama juu mpaka chini, akatazama bandani, akarudi na neno lake tayari mdomoni. Nimekonda, alisema. Siku moja nitaanguka huku nyuma na hakuna atakayejua. Na Shungi naye haonekani vizuri.

"Shungi akifa, mama, unafunga mlango huu unakuja kwetu. Hakuna mjadala."

Nikasema sawa. Nilisema sawa kwa sababu sikuamini kwamba Shungi anaweza kufa.

Ila macho ya mwanangu hayakuwa yamemdanganya. Kinyesi cha mbuzi mzima hudondoka kama shanga zilizokatika uzi, kavu, zinabingirika hata kwenye sakafu ya banda. Cha Shungi kilikuwa kimegeuka uji. Tumbo lilivimba upande mmoja, na upande wa pili mbavu zikatokeza. Nywele zilikuwa zinamtoka. Zamani akishakula alikuwa analala na kucheua macho yamefumba nusu, kama bibi mwenzangu anayekumbuka mambo. Sasa alikuwa anasaga meno tu, na daktari wa mifugo aliwahi kuniambia kwamba mbuzi akisaga meno hivyo ana maumivu.

Mkwe wangu ni mtu wa maneno machache na mikono mikubwa. Yeye ndiye aliyesema tumpasue Tajiri, si kwa kumla, kwa kujua.

"Tutakuta mfuko, mama," alisema huku akikunja mikono ya shati. "Siku hizi ni mifuko tu. Machinjioni naitoa kila mara, mingine bado inasomeka jina la duka."

Akampasua juu ya turubai. Akaingiza mkono tumboni mpaka kiwiko, akapapasa, akatoa. Hakukuwa na mfuko. Hakukuwa na kamba, wala kitambaa, wala soksi. Kulikuwa na majani yaliyokatwa laini, yamechanganyika na pumba, basi.

"Hili ni tumbo la mbuzi aliyekuwa anakula mezani," alisema.

Kisha akaukunjua utumbo, akaupasua kwa ncha ya kisu, akainama karibu. Ndani ulikuwa mwekundu, umevimba mahali, na mahali pengine umekuwa mwembamba kama karatasi iliyolowa. Aliugeuza, akaurudia tena. Alitafuta minyoo, hakumwona hata mmoja.

"Sielewi, mama."

Mtu huyu amefungua matumbo ya wanyama tangu hajamwoa binti yangu. Kama yeye haelewi, mimi nianzie wapi? Akakata kipande cha utumbo, akakitia kwenye chupa, akasema atampelekea daktari wa mifugo. Tukamzika Tajiri kando ya ua.

Mimi nikarudi kwenye kazi ninayoijua. Nikakata majani.

Niseme kidogo jinsi ninavyokata. Shungi hana meno ya mbele ya kutosha, yaliyobaki yanacheza. Ukimpa jani refu analivuta, linamponyoka, anakutazama kama wewe ndiye uliyemnyang'anya. Kwa hiyo ninamkatia. Naweka fungu la majani juu ya ubao, nashika panga, nakata, nageuza fungu, nakata tena, mpaka yanakuwa laini kama mboga ya mtoto anayeanza kula. Halafu nakusanya yote kwa viganja, namwaga horini, nanyunyizia pumba na chumvi. Watu wengine kazi hiyo ingewachosha. Mimi nikishika panga akili inatulia.

Zamani nilikuwa nakatia juu ya gogo. Mchwa wakalila gogo, na mkwe wangu akaniletea ubao kutoka buchani kwake: wa plastiki, mzito, mpana, mweupe pepepe, ule ule wa kukatia nyama. Yeye alikuwa amenunua mwingine mkubwa zaidi. Jirani yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Kufuli kwa sababu hata ndoo yake ya maji ina kufuli, alipouona alishika kiuno.

"Dada, mbuzi wako wanakula hotelini siku hizi."

Nilijisikia vizuri. Mkwe kukukumbuka kwa kitu cha kazi yako, si jambo dogo.

Basi, kadiri Shungi alivyokonda, ndivyo nilivyozidi kukata laini. Nilijiambia kwamba tumbo lake limechoka, tulipunguzie kazi. Nilikata asubuhi, nikakata jioni. Yeye alikula kila nilichompa, maskini, hakunikatalia hata siku moja. Akala, akahara, akakonda.

Daktari wa mifugo alikuja na pikipiki yake, na buti zake za mpira zilizomzidi miguu. Ni msichana mdogo kuliko binti yangu, mpole, anaongea huku anamkuna mnyama masikio. Alimsikiliza Shungi tumbo, kisha akaketi kando yangu kwenye benchi la jikoni, akatoa simu.

"Bibi, tazama hapa. Huu ni ule utumbo wa Tajiri. Tumeutazama kwa hadubini."

Niliona kitu cha waridi kama kitambaa kilichochanika. Juu yake palikuwa na vitu vyeupe vilivyojikunja, kama makucha ya kitoto kichanga ukishayakata.

"Mayai ya minyoo," nikasema.

"Hata mimi nilidhani hivyo. Si mayai. Ni plastiki."

"Mkwe wangu alitafuta mfuko hakuuona."

"Si mfuko, bibi. Ni vipande vidogo vidogo. Vingine ni kama punje ya chumvi, na vingine kwa macho haya huwezi kuviona kabisa."

Nilimtazama nione kama ananitania.

"Mwanangu, kitu kisichoonekana kinamwangushaje mbuzi mwenye pembe?"

Alicheka kidogo, halafu akajaribu kunieleza. Alisema niguse kwa ulimi ndani ya shavu langu, nione palivyo laini. Ndivyo utumbo ulivyo kwa ndani. Plastiki haisagiki, haiozi, inapita inakwaruza, mahali panavimba. Alisema pia kwamba tumboni mwa mbuzi vimo vijidudu vingi sana, na hivyo ndivyo hasa vinavyomsaidia kuyasaga majani. Tumbo likivurugika, vijidudu vyema vinapungua, vibaya vinajaa. Hapo mnyama anakula lakini chakula hakimwingii mwilini.

"Subiri," nikasema. "Kuna vijidudu ambavyo vinatakiwa viwemo?"

"Ndiyo, bibi. Bila hivyo mbuzi hawezi kuishi."

"Na mimi nimempa dawa ya minyoo juu ya dawa ya minyoo."

"Hakukuwa na minyoo wa kuua."

Kichwa kilikuwa kinazunguka kama pia. Kuna vitu vidogo vyenye uhai ambavyo lazima viwemo, na kuna vitu vidogo visivyo na uhai ambavyo havitakiwi kuwemo, na vyote hivyo mimi sivioni. Sasa nimlinde Shungi na kipi, na kwa macho gani?

"Sitaki kukudanganya," daktari akaendelea. "Wanaochunguza mambo haya wenyewe bado wanabishana. Siwezi kukuapia kwamba ndiyo iliyomuua Tajiri. Ninachojua ni kwamba sijawahi kuona vingi namna hii kwenye kipande kimoja cha utumbo. Vinatoka mahali. Tukitafute hicho kinachovileta."

Tukatafuta. Tulilitazama pipa la maji, ni la plastiki, lakini halijapasuka. Ndoo, nzima. Gunia la pumba lilikuwa limeanza kuchomoka nyuzi, tukaimwaga pumba kwenye sufuria kuukuu na gunia nikalitupa. Kamba ya kuanikia nguo nikaikata. Mama Kufuli akatokea juu ya ukuta, maana hapitwi na neno.

"Mnatafuta nini? Jalala lile pale njiani. Mifuko tele. Mbuzi wanashinda pale, halafu mnauliza plastiki imetoka wapi."

Ilikuwa na maana. Daktari akaitikia kwa kichwa, hata mimi nikaona mwanga. Lakini Jambazi alikuwa amesimama juu ya rundo la matofali wakati huo, manyoya yanang'aa, anatafuna boksi la viatu. Daktari akamwangalia kwa muda.

"Huyu hula wapi?"

"Kokote. Horini mama yake hamruhusu, akisogea anapigwa pembe. Huyu hushinda jalalani."

"Na Shungi?"

"Shungi hajatoka nje ya ua huu tangu miguu ianze kumsumbua. Tajiri naye alikuwa mvivu, alikuwa analala tu hapo."

Tukatazamana. Mwenye kwenda jalalani ni mzima. Waliokaa nyumbani, mmoja amekufa na mwingine anakufa.

"Basi sijui," daktari akasema, akajikuna chini ya kofia.

"Labda wa ndani wamekosa jalala," Mama Kufuli akasema, na wote watatu tukacheka, ingawa mimi sikujua ninacheka nini.

Daktari alipoondoka nilipiga moyo konde. Nilijiambia kwamba hata kama Jambazi ni mzima leo, jalala ni jalala, kesho litamfikia. Nikamfunga kamba bandani, upande wake peke yake, mbali na pembe za mama yake. Na kwa kuwa sasa nilikuwa na wawili wa kulisha, nikawakatia wote. Majani laini, pumba, chumvi kidogo. Jambazi aliyanusa mwanzoni kama mtu aliyekaribishwa nyumba ya wageni, kisha akayapenda. Nikaona fahari. Nikasema angalau huyu nimemwokoa.

Haikupita muda mrefu Jambazi akaanza kuhara.

Nilisimama pale bandani na ufagio mkononi, nikaanza kuhesabu. Maji nimechemsha. Gunia nimetupa. Kamba nimekata. Jalalani haendi. Majani nayakata mimi, nayaosha mimi. Yaani mnyama akiwa mbali na mimi anapona, akiwa karibu nami anaugua. Nikawaza mambo ya ajabu. Niliwaza labda mikono yangu ina kitu. Nikainawa kwa sabuni, nikainawa tena, nikaenda kuwakatia majani.

Mama Kufuli alinikuta nimeketi kizingitini mchana kweupe, kazi zimelala.

"Una nini?"

"Sina kitu. Nafikiri kwamba labda binti yangu anasema kweli. Labda nimezeeka na siwezi tena kumtunza hata mbuzi."

"Acha maneno hayo, dada. Mimi na umri wangu nafuga kuku."

"Kuku wako wanafungiwa kwa kufuli, wataumwaje?"

Akanipiga begani, akaenda zake. Lakini neno hilo la kuzeeka lilibaki nami. Nilianza hata kukunja nguo zangu za heshima na kuziweka kwenye begi, kidogo kidogo, ili binti yangu akija asinikute ninalia juu ya sanduku. Nilikunja gauni moja, nikaenda kumtazama Shungi, nikarudi nikakunja jingine.

Siku iliyofuata ikanyesha mvua kubwa. Ilipokatika nilitoka kwenda kukata majani, nikamkuta kuku mmoja wa Mama Kufuli, aliyeponyoka kufuli, amesimama juu ya ubao wangu anakunywa maji. Nikamfukuza. Halafu nikasimama.

Anakunywaje maji juu ya ubao? Ubao ni bapa. Maji yangemwagika.

Nikainama. Katikati ya ubao palikuwa na dimbwi zuri, la mviringo, kama bakuli. Nikatumbukiza ngumi yangu, ikaingia. Nikamwaga maji, nikapapasa kwa vidole. Palikuwa na bonde, na ndani ya bonde mistari ya panga maelfu, imepishana, na kila mstari umeinua ukingo mdogo mweupe, wenye nyuzi nyuzi. Nikaukuna kwa ukucha. Kitu cheupe kikajikunja, kikabaki chini ya ukucha wangu.

Macho yangu si ya kuona mbali wala karibu, lakini hicho nilikuwa nimekwisha kukiona. Nilikiona kwenye simu ya daktari.

Kila siku nilikuwa nauosha ubao huu. Kila siku mkono wangu ulipita hapo hapo. Bonde lilichimbika polepole kama uso wa mtu unavyozeeka, ukiwa naye huoni. Na sasa swali lilikuwa moja tu, na nililiuliza kwa sauti, pale uani, peke yangu: kilichokuwa humu ndani ya hili bonde kimekwenda wapi?

Sabuni ikiisha, imekwenda na maji. Penseli ikiisha, imekwenda kwenye daftari. Ubao huu ulikuwa umeisha katikati, na mimi nilikuwa nimekusanya kila kitu kwa viganja, nikamwaga horini, nikanyunyizia pumba nyeupe juu yake.

Nilimpigia daktari. Alinisikiliza bila kunikatiza.

"Bibi, usiutumie tena. Wape majani mazima."

"Ndio wenyewe huo?"

"Unaweza kuwa ndio. Sijui kama ni huo peke yake."

"Shungi atapona?"

"Hilo nalo sijui, bibi. Utumbo huwa unajirudisha ukipata nafasi. Yeye ni mzee."

Jambazi nikamfungua, akaruka ukuta bila kuaga. Ubao nikauburura mpaka nyuma ya banda, nikaulaza kifudifudi, nikaufunika kwa mabati. Sikuuficha kwa sababu ya mbuzi. Niliuficha kwa sababu ya mkwe wangu. Unamwambiaje mtu kwamba zawadi yake, aliyoibeba begani mwenyewe kutoka stendi, ndiyo imewaangusha wanyama wako? Na kama si yenyewe? Kama nimekosea, nimemwaibisha mtoto wa watu bure.

Shungi nikaanza kumlisha kwa mkono. Nilivunja jani kwa vidole, kipande kwa kipande, nikamshikia shina huku yeye anavuta kwa midomo. Kazi hiyo ilichukua asubuhi nzima. Nilipochoka tulipumzika wote wawili, mimi nimeegemea ukuta, yeye ameniegemea mimi. Hakuonekana kupata nafuu. Akawa anasimama kwa shida, kisha akawa hajaribu tena kusimama.

Jumapili binti yangu akaja na mumewe, na begi kubwa tupu begani.

Hakusalimia kwa urefu kama kawaida yake. Alikwenda moja kwa moja bandani, akamwona Shungi amelala, shingo imenyooka chini. Akarudi, akaona begi langu dogo limejaa nusu kitandani. Nikaona uso wake umelegea. Alikuwa amejiandaa kugombana.

"Mama, tulikubaliana."

"Hajafa."

"Anangoja nini sasa?"

"Muulize yeye."

"Mama."

"Nimekunja gauni tatu, mwanangu. Usinikimbize. Nikizikunja zote, utaniona mlangoni."

Mkwe wangu alikuwa amesimama kati yetu, anatafuta pa kuweka mikono yake. Yeye hapendi ugomvi. Akavua saa, akakunja mikono ya shati.

"Ngoja leo nimkatie mimi majani. Apate kitu laini. Ubao uko wapi, mama?"

Nikatazama chini. "Upo."

"Wapi? Siuoni mahali pake."

"Upo, baba. Umepumzika."

Binti yangu akacheka bila kutaka. "Ubao umepumzika? Mnaona sasa? Ndiyo haya ninayoyasema."

Hapo nikaona hakuna njia ya kupita pembeni. Kama nisingesema, ningehama nyumba yangu kwa kuonekana nimechanganyikiwa, na ni kweli nilikuwa nimechanganyikiwa, lakini si kwa namna aliyodhani yeye. Nikamshika mkwe wangu mkono, jambo ambalo sijawahi kulifanya, nikampeleka nyuma ya banda. Nikaondoa mabati. Nikaugeuza ubao. Nikaichukua ngumi yake kubwa nikaiweka ndani ya bonde, ikatulia mle kama yai kwenye kiota.

Alikuwa amechutama, ngumi bado mle bondeni.

"Ulikuwa bapa huu," akasema.

"Ulikuwa."

"Nimeuleta ukiwa bapa kabisa."

"Najua, baba."

Akapitisha kidole gumba kwenye mistari, akakitazama. Nikaona ameelewa. Alisimulia yeye mwenyewe, bila mimi kumwuliza, kana kwamba anaongea na ubao. "Buchani ninazo tatu kama huu. Zikichimbika tunazipiga randa, zinakuwa sawa tena. Vumbi lake tunalifagia."

"Na lile linalobaki kwenye nyama?" binti yangu akauliza kutoka nyuma yetu. Hatukujua kwamba ametufuata.

Mumewe aliinuka. Alinigeukia mimi. "Mama, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Ulinipa kitu kizuri. Aliyekata laini ni mimi. Na daktari mwenyewe anasema hajui vizuri. Nimeacha kuutumia, Jambazi amepona. Hilo tu ndilo ninalolijua, mengine yote yananizunguka."

Binti yangu alitikisa kichwa, akageuka kwenda bandani kwa hasira za mtu ambaye hana wa kumkasirikia. Alikuwa amevaa viatu vyake vya kutokea, vyenye soli laini. Tukamsikia akiteleza, akashika nguzo.

"Nini tena hiki? Huyu Jambazi wenu anajisaidia kila mahali."

"Jambazi yuko ng'ambo ya ukuta," nikasema. "Tangu asubuhi."

Nikaenda mbio, kwa mbio zangu hizi. Nyuma ya Shungi, sakafuni, kati ya uchafu wa majimaji, palikuwa na shanga. Hazikuwa nyingi. Zilikuwa nyeusi, za mviringo, moja imebingirika mpaka kwenye kiatu cha mwanangu. Nikaiokota.

"Mama, jamani, usishike."

"Nyamaza kwanza."

Nikaibonyeza. Ilikuwa ngumu. Nikampa mkwe wangu, maana yeye ni mtu wa kazi hizo, naye akaipokea bila kinyaa, akaigeuza kiganjani, akaibonyeza kama mimi.

"Ni kavu," akasema. "Imesagwa. Mama, hiki ni cha tumbo linalofanya kazi."

"Kimoja tu?" binti yangu akauliza.

"Viko zaidi ya kimoja. Tazama chini."

Akatazama chini. Shungi naye, kama aliyechoka kujadiliwa, akainua shingo. Kitu kikapanda kooni mwake, tukakiona kikipanda, na taya likaanza kwenda upande, taratibu, macho yamefumba nusu. Alikuwa anacheua.

Kisha binti yangu akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, na viatu vyake hivyo hivyo.

"Kwa hiyo sasa mavi ya mbuzi ndiyo yanayoamua mama yangu akae wapi."

"Sharti liliwekwa na wewe," nikamwambia. "Mimi nilisema sawa tu."

Akajizuia, akashindwa, akacheka mpaka akafuta macho kwa kiganja. Kisha akalichukua lile begi lake tupu, akalikunja, akampa mumewe aliweke pembeni. "Nitakuja tena kumwangalia huyu bibi wa pili," alisema. "Na akilala tena vile, mama, tutaongea." Nikasema sawa. Safari hii nilijua ninachokubali.

Shungi hajapona kabisa. Siku moja shanga, siku ya pili uji. Daktari anasema ndivyo itakavyokuwa, au labda sivyo. Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile ilikuwa imefika saa ya kupika, nasi tulikuwa na njaa.

Tukaingia jikoni wote watatu. Binti yangu akaosha vitunguu, akashika kisu, akanyoosha mkono juu ya rafu kuchukua ubao wangu mdogo wa kukatia, wa plastiki ya kijani, alioninunulia yeye mwenyewe. Akauweka mezani. Halafu hakukata.

Katikati palikuwa na mistari.

Mumewe akautazama, mimi nikautazama. Binti yangu akaupindua, upande wa pili nao ulikuwa hivyo hivyo. Akaurudisha kama ulivyokuwa, kana kwamba pengine wa kwanza utakuwa umebadilika.

"Sasa nikatie wapi, mama?" akaniuliza, na sijamsikia akiniuliza kwa sauti ile tangu akiwa mtoto.

Nilichukua kitunguu, nikakishika kiganjani, nikaanza kukikata humo humo mkononi, polepole, juu ya sufuria.